Hesabu ya Wabunge 34: Brexit Ilivyokwama Bungeni London

Ijumaa ya tarehe 29 Machi 2019 ndiyo siku ambayo Uingereza ilipaswa kulala ikiwa nje ya Umoja wa Ulaya. Tarehe hiyo ilikuwa imeandikwa kwenye sheria, na Waziri Mkuu Theresa May alikuwa ameirudia bungeni hadi ikachosha masikio. Siku ikafika. Nje, kwenye uwanja wa Parliament Square, watu waliokuja na bendera kusherehekea kuondoka walijikuta wanaandamana. Ndani, wabunge walikuwa wanaupigia kura mkataba wa kujitoa kwa mara ya tatu. Saa nane na nusu hivi mchana, kwa saa za London, matokeo yakasomwa: ndiyo 286, hapana 344.

Sasa chukua kalamu. Katika hizo hapana 344, kura 34 zilitoka kwa wabunge wa chama cha May mwenyewe, Conservative. Wahamishe hao 34 peke yao, usimguse mtu mwingine yeyote. Ndiyo zinakuwa 320, hapana 310. Mkataba umepita, na Uingereza inaondoka kwa utaratibu mnamo tarehe 22 Mei 2019.

Wale 34 hawakuwa wamoja. 28 kati yao waliukataa mkataba kwa sababu waliona bado unaifunga Uingereza kamba ya Ulaya shingoni. Sita waliukataa kwa sababu waliona unaitenga Uingereza na Ulaya kupita kiasi. Watu ambao wasingekubaliana hata kuhusu rangi ya bendera walipita kwenye mlango mmoja, wakahesabiwa pamoja, kisha kila upande ukarudi nyumbani ukiamini umeikoa nchi dhidi ya ule mwingine. Kila ninapousoma upya mkwamo ule wa miezi kumi na minne, ninaishia kwenye hesabu hii. Mengi yamesemwa kuhusu udhaifu wa May, jeuri ya Spika na uchovu wa wapiga kura. Yana ukweli wake, ila hayaelezi kwa nini Bunge lililokuwa na watu wazima 650 lilishindwa kupata jambo moja la kulikubali.

Neno moja, maana nne

Kura ya maoni ya tarehe 23 Juni 2016 iliuliza swali rahisi: tubaki au tuondoke? Waliosema tuondoke walikuwa asilimia 51.9, waliosema tubaki 48.1. England na Wales zilisema tuondoke. Uskoti na Ireland Kaskazini zikasema tubaki. David Cameron, Waziri Mkuu aliyeiitisha kura hiyo akitegemea kushinda, akajiuzulu.

Kasoro ilikuwa kwenye neno lenyewe. Kubaki kulikuwa na maana moja, ile hali iliyokuwapo. Kuondoka kulikuwa na maana kama nne. Unaweza kuondoka kwenye Umoja ukabaki kwenye soko lake, kama Norway. Unaweza kutoka sokoni ukabaki kwenye umoja wa forodha. Unaweza kutoka kote, ukarudi kuomba mkataba wa biashara kama mgeni yeyote. Au unaweza kutoka bila mkataba wowote, ukaubamiza mlango. Aliyetia alama kwenye kisanduku cha kuondoka hakuulizwa ni kuondoka kupi, kwa hiyo kila mwanasiasa alikuwa huru kudai kwamba wananchi milioni 17.4 walikuwa wanamaanisha alichomaanisha yeye.

Februari 2017 wabunge 498 dhidi ya 114 waliupitisha katika hatua ya kusomwa mara ya pili muswada wa kumruhusu Waziri Mkuu atoe taarifa rasmi ya kujitoa chini ya Ibara ya 50 ya Mkataba wa Umoja wa Ulaya. Katika chama chote cha Conservative aliyepinga ni mmoja tu, mzee Ken Clarke. Machi 29, 2017 taarifa ikapelekwa Brussels na saa ya miaka miwili ikaanza kuhesabu. Ile kura ya 498 huwa inasahaulika. Bunge lililokuja kukwama ndilo lililowasha saa hiyo, kwa furaha, kabla ya kujua linakwenda wapi.

Serikali isiyoshinda na isiyokufa

May akafanya kosa ambalo wanasiasa wenye njaa ya wingi hulifanya kila mahali. Aprili 2017, akiwa anaongoza vizuri kwenye kura za maoni za magazeti, aliitisha uchaguzi wa mapema ili aongeze wabunge. Juni 8 akapunguza. Alibaki na viti 317, pungufu ya nusu ya Bunge, ikabidi aingie makubaliano na chama cha DUP cha Ireland Kaskazini, kinachotaka jimbo hilo libaki sehemu ya Uingereza, chenye viti kumi, na Ireland Kaskazini ikaongezewa pauni bilioni moja za maendeleo. Kuanzia hapo uhai wa serikali ulikaa mikononi mwa watu kumi.

Kuna viti vingine saba vya Ireland Kaskazini vinavyopaswa kutajwa mapema. Hivyo ni vya Sinn Féin, chama kinachotaka Ireland yote iwe moja. Wabunge wake huchaguliwa lakini hawaendi London kukaa, kwa sababu hawalitambui Bunge la Uingereza kuwa na mamlaka juu ya ardhi yao. Viti hivyo saba vilikuwa vitupu usiku wote tutakaousimulia hapa.

Halafu kulikuwa na sheria ya mwaka 2011 ya kuweka muda maalumu wa Bunge. Zamani Waziri Mkuu aliyebanwa aliweza kuwaambia wabunge wake: kura hii ni ya uhai wa serikali, mkiniangusha tunakwenda wote kwenye uchaguzi. Hofu ya kupoteza jimbo ilikuwa mnadhimu mkuu kuliko mnadhimu mwenyewe. Sheria ya 2011 ilimnyang'anya silaha hiyo. Uchaguzi wa mapema ulihitaji ama theluthi mbili ya wabunge wote, yaani 434, ama kura maalumu ya kutokuwa na imani. Mbunge wa Conservative akaweza kuupiga teke mkataba wa bosi wake Jumanne, na Jumatano akapiga kura ya kuwa na imani naye. Ndicho kilichotokea hasa.

Mpaka ambao hauonekani

Mkataba wenyewe ulikuwa na kurasa 585, ulipitishwa na baraza la mawaziri Novemba 14, 2018 na kukubaliwa na viongozi wa Ulaya Novemba 25. Haki za raia wa Ulaya waishio Uingereza, madeni ambayo Uingereza ilipaswa kulipa, kipindi cha mpito: hayo yalipigiwa kelele kidogo na kupita. Uliokwama kooni ni mpaka.

Kati ya Ireland Kaskazini na Jamhuri ya Ireland kuna mpaka wa karibu kilomita 500. Unakata mashamba na barabara za vijijini. Unaweza kuuvuka mara kadhaa katika safari moja ukagundua tu kwa sababu vibao vya mwendo vimebadilika kutoka maili kwenda kilomita. Haukuwa hivyo siku zote. Katika miaka thelathini ya mapigano yaliyoua watu zaidi ya 3,500, mpaka huo ulikuwa na minara ya jeshi na vizuizi. Mkataba wa amani wa 1998 uliiondoa minara, na uanachama wa nchi zote mbili katika Umoja wa Ulaya ulifanya ukaguzi wa mizigo usiwe na sababu.

Uingereza ikitoka kwenye soko na forodha ya Ulaya, mpaka ule unakuwa lango la Ulaya. Malori yakaguliwe wapi? Ukiyakagua nchi kavu, umeirudisha ile minara kwa jina jingine. Ukiyakagua baharini, kati ya Ireland Kaskazini na Uingereza kuu, umeigawa nchi yako mwenyewe. Usipoyakagua popote, basi hujaondoka. Hakuna njia ya nne, ingawa wengi waliiahidi.

Jibu la May lilikuwa kifungu cha akiba, kinga ya mpaka: mkataba wa biashara usipopatikana kwa wakati, Uingereza nzima ingebaki katika eneo moja la forodha na Ulaya, na Ireland Kaskazini ingefuata kanuni za ziada za bidhaa, mpaka lipatikane jibu bora. Uingereza isingeweza kujitoa kwenye kinga hiyo peke yake. Mwanasheria Mkuu, Geoffrey Cox, aliliandikia baraza la mawaziri kwamba kisheria kinga ingeweza kuendelea bila kikomo. Serikali ikaficha ushauri huo. Desemba 4, 2018 Bunge likaitia serikali hatiani kwa kulidharau, kura 311 kwa 293, na kesho yake ushauri ukachapishwa wote.

Kwa msomaji wa kwetu, umoja wa forodha si jambo geni. Jumuiya ya Afrika Mashariki inao tangu 2005: ushuru mmoja kwa bidhaa za nje, na anayetaka mkataba wa ushuru na wa nje anatarajiwa aende na wenzake. Ndiyo sababu Kenya ilipotia saini peke yake mkataba wa biashara na Uingereza Desemba 2020, majirani waliinua nyusi. Wale 28 waliogopa kitu hichohicho: nchi iliyotoka kwenye Umoja ili ipange ushuru wake, halafu ikabaki inapangiwa.

Usiku wa 432

Utaratibu wa kupiga kura London unaeleza mengi. Spika huanza kama wetu anavyoanza: wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme hapana. Sauti zikigongana, kengele hulia jengo zima na hata kwenye baa za jirani, na mbunge ana dakika nane afike. Kisha milango hufungwa. Wanaokubali hupita ukumbi mmoja wa pembeni, wanaokataa ukumbi mwingine, kwa miguu, wakihesabiwa kichwa kimoja kimoja. Ukimpinga kiongozi wako, unapita bega kwa bega na maadui zako, na wenzako wanakuona.

Januari 15, 2019, ilipokuwa imeshapita saa nne na nusu usiku kwa saa za Afrika Mashariki, Spika John Bercow alisoma: ndiyo upande wa kulia, 202, hapana upande wa kushoto, 432. Tofauti ya kura 230. Katika historia ya sasa ya Bunge hilo, hakuna serikali iliyowahi kuangushwa hivyo. Wabunge 118 wa Conservative walikuwa kwenye ukumbi wa hapana, pamoja na DUP wote kumi. Wa Labour, chama kikuu cha upinzani, waliomuunga mkono May walikuwa watatu.

Usiku huo mbunge wa Labour, Tulip Siddiq, aliletwa kwenye kiti cha magurudumu. Alikuwa mjamzito na aliahirisha upasuaji wa kujifungua kwa siku mbili ili apige kura. Ulikuwapo utaratibu wa zamani ambao mbunge asiyeweza kuja hupangiwa mwenzake wa upande wa pili, wote wawili wasipige, hesabu ibaki sawa. Lakini miezi sita nyuma mbunge aliyekuwa na mtoto mchanga alipangiwa jozi hivyo, na jozi wake, kigogo wa Conservative, akapiga kura. Tangu hapo neno la heshima halikutosha. Baada ya Siddiq, Bunge likaanzisha kura ya uwakilishi kwa wazazi wapya. Ukitaka kujua imani ilivyokuwa imekauka mle ndani, tazama kiti kile cha magurudumu.

Kesho yake kiongozi wa upinzani, Jeremy Corbyn, akaleta hoja ya kutokuwa na imani. Ikashindwa, 325 kwa 306. Fanya tena hesabu: watoe DUP kumi upande mmoja uwaweke wa pili, inakuwa 315 kwa 316, na serikali imeanguka. DUP walimuua May Jumanne, wakamfufua Jumatano. Walitaka abaki, lakini abaki bila mkataba wake.

Kura nne, hapana nne

Machi ilikuwa vurugu. Tarehe 12 mkataba ukarudi na nyaraka za ziada kutoka Brussels. Asubuhi hiyo Cox, kada wa serikali ileile, akaandika kwamba hatari ya kisheria kuhusu kinga ya mpaka haijabadilika. Jioni ukaanguka, 391 kwa 242. Tarehe 13 Bunge likakataa kuondoka bila mkataba, kwa tofauti ya kura nne katika kura ya kwanza. Tarehe 14 likakataa kurudisha swali kwa wananchi, kisha likaomba muda zaidi. Tarehe 18 Bercow akafukua kanuni ya mwaka 1604: hoja iliyokwisha kuamuliwa hairudishwi ileile katika mkutano uleule wa Bunge. Kanuni ya zaidi ya miaka 400 ikamfungia May mlango. Ndiyo maana tarehe 29 alileta mkataba peke yake, akiacha nje tamko la kisiasa kuhusu uhusiano wa baadaye lililoambatana nao, ili hoja ionekane mpya. Siku mbili kabla yake alikuwa ameahidi chama chake kwamba wakiupitisha, yeye ataondoka. Boris Johnson, kinara wa kampeni ya kuondoka, alipiga ndiyo siku hiyo. Wale 28 hawakutikisika.

Ila usiku ninaouona mzito kuliko yote ni wa Aprili mosi.

Wabunge wa viti vya nyuma, wakiongozwa na Oliver Letwin wa Conservative, walikuwa wameinyang'anya serikali ratiba ya Bunge, jambo ambalo kwa desturi zao ni kama mgeni kuchukua funguo za jikoni. Lengo lilikuwa zuri: kama serikali imeshindwa kupata wingi, acha Bunge lenyewe liutafute. Badala ya kupita kumbi za pembeni, wabunge wangeandika ndiyo au hapana kwenye karatasi kwa kila pendekezo. Machi 27 yalikuwa mapendekezo manane. Yote manane yakakataliwa. Aprili mosi yakabaki manne. Wakati mjadala unaendelea, waandamanaji wa mazingira waliokuwa kwenye jukwaa la wageni wakavua nguo, wakasimama wameugeuzia ukumbi matako, huku wabunge wakijitahidi kuongea kuhusu ushuru bila kucheka.

Matokeo: umoja wa forodha, pendekezo la Ken Clarke, 273 ndiyo, 276 hapana. Soko la pamoja kwa mtindo wa Norway, 261 kwa 282. Kurudisha swali kwa wananchi, 280 kwa 292. Kufuta taarifa ya kujitoa ikiwa hakuna njia nyingine, 191 kwa 292.

Kura tatu. Umoja wa forodha ungelimaliza sehemu kubwa ya tatizo la mpaka, na ulikosa kura tatu. Tazama waliouangusha. Conservative wengi, ndiyo, hilo lilitarajiwa. Lakini walikuwamo pia watu waliotaka kubaki Ulaya: baadhi walipiga hapana, wengine hawakupiga kabisa, kwa sababu umoja wa forodha ukipita, hoja ya kura ya pili ya wananchi inakufa. Waliona wingi wao unakuja. Pendekezo lao lilikuwa limepata ndiyo 280, nyingi kuliko la Clarke. Wangekosaje wiki mbili zijazo? Upande wa pili wa ukumbi, wale 28 walikuwa wanafanya hesabu hiyohiyo: saa ikiisha, sheria inatutoa yenyewe, tena bila mkataba.

Wahenga wanasema ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini kila kundi liliamini tumbo litakaloumia ni la jirani. Hapo ndipo ninapopingana na wanaosema Bunge lile lilikuwa la wapumbavu. Kila kundi peke yake lilipiga hesabu sahihi. Kama unaamini kwamba kesho utapata unachokitaka chote, nusu ya leo ni hasara. Tatizo ni kwamba makundi hayo hayawezi yote kuwa sahihi kuhusu kesho ileile, na hakukuwa na mtu mwenye uwezo wa kuwaambia kesho imekwisha. May hakuweza, kwa sababu ya sheria ya 2011. Ulaya haikuweza, kwa sababu nayo iliogopa kulaumiwa, ikawa inasogeza tarehe.

Nick Boles, mbunge wa Conservative aliyelibeba pendekezo la soko la pamoja, alisimama usiku uleule, sauti ikitetemeka, akasema ameshindwa hasa kwa sababu chama chake kimekataa kulegeza. Akatoka chamani na kutoka ukumbini kwa wakati mmoja.

Siku mbili baadaye kura zikafungana, 310 kwa 310, Spika akalazimika kutoa ya kwake kwa mara ya kwanza tangu 1993. Siku ya tatu maji yakaanza kumwagika kutoka darini juu ya jukwaa la waandishi na kikao kikaahirishwa. Nyumba yenyewe ilikuwa imechoka.

Aliyevunja kufuli

Ulaya ikatoa muda hadi Oktoba 31. May akatangaza kuondoka mwezi Mei, siku moja baada ya uchaguzi wa Bunge la Ulaya ambao chama chake kiliambulia nafasi ya tano. Julai 24 akaingia Boris Johnson.

Sehemu yake inasimuliwa sana, nitaipita haraka. Alilisimamisha Bunge kwa wiki tano. Septemba 24 majaji 11 wa Mahakama ya Juu, bila hata mmoja kupinga, wakasema hatua hiyo ni batili, kana kwamba haikutokea. Aliwafukuza kwenye kundi la chama bungeni wabunge 21 waliompinga, wakiwamo Ken Clarke na Nicholas Soames, mjukuu wa Churchill. Mara tatu aliomba uchaguzi chini ya ile sheria ya 2011, mara tatu akakosa theluthi mbili. Labour iliogopa asije akaitisha uchaguzi kisha akausogeza mbele ya Oktoba 31, nchi ikatoka bila mkataba wabunge wakiwa kwenye kampeni.

Alichofanya Johnson kuhusu mpaka ndicho kinachohusu kisa chetu. Mkataba wake wa Oktoba 17 uliondoa kinga ya May na kuuhamisha ukaguzi baharini. Ireland Kaskazini ingefuata kanuni za bidhaa za Ulaya; Uingereza kuu isingefuata. DUP walitoswa. Wakalipiza Jumamosi ya Oktoba 19, Bunge lilipokutana siku ya mapumziko kwa mara ya kwanza tangu vita vya Falklands mwaka 1982: hoja ya Letwin ya kuchelewesha idhini ilipita 322 kwa 306, na ndani ya zile 322 mlikuwa na DUP wote kumi. Usiku huo Johnson alipeleka Brussels barua ya kuomba muda kama sheria ambayo Bunge lilikuwa limeipitisha ilivyomtaka, akaacha kuitia saini.

Oktoba 22 likatokea jambo ambalo halikuwahi kutokea kwa May hata siku moja: muswada wa mkataba ulipita kusomwa mara ya pili, 329 kwa 299. Dakika chache baadaye Bunge likakataa ratiba ya kuukamilisha ndani ya siku tatu. Johnson akausimamisha muswada ambao ulikuwa unashinda, akadai uchaguzi. Chama cha SNP cha Uskoti na Liberal Democrats wakakubali, Ulaya ikasogeza tarehe hadi Januari 31, Labour ikakosa pa kujificha. Oktoba 29 sheria fupi ya kuitisha uchaguzi ikapita kwa kura 438 dhidi ya 20, ikiizunguka ile ya 2011 kwa wingi wa kawaida. Siku zote hizo njia hiyo ilikuwapo.

Desemba 12 Conservative walipata viti 365, wingi wa 80. Waliokuwa wameweka dau kwenye kura ya pili ya wananchi walipoteza kila kitu. Jo Swinson, kiongozi wa Liberal Democrats, alipoteza hata jimbo lake. Desemba 20 mkataba ulisomwa mara ya pili, 358 kwa 234, na Januari 31, 2020, saa tano usiku London, Uingereza ikatoka.

Kati ya wote waliongoja, wale 28 ndio waliolipwa. Walikataa mkataba wa May wakapata ulio mgumu zaidi. DUP walikuwa nao kwenye ukumbi uleule Machi 29, na walipata kinyume. Nigel Dodds, kiongozi wao bungeni, alipoteza kiti chake, na Januari 2021 fomu na ukaguzi vikaanza kwenye bandari za Larne na Belfast, kwa bidhaa zinazotoka nchi ileile.

Februari 2022 DUP wakajitoa kwenye serikali ya Belfast kupinga mpaka huo wa baharini, na serikali hiyo haiwezi kukaa bila chama kikuu cha kila upande, wanaotaka kubaki Uingereza na wanaotaka Ireland moja. Mkwamo ukahamia kwao, ukachukua miaka miwili. Waliporudi Februari 3, 2024, uchaguzi ulikuwa umepita katikati na mpangilio wa viti umebadilika. Aliyeapishwa kuwa Waziri wa Kwanza ni Michelle O'Neill wa Sinn Féin, chama cha vile viti saba vitupu.